Hewa ndani ya mfumo wa kupasha nyumba joto: namna ya kuitoa na ya kujua inakotoka

Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto kwa maji. Boila ya gesi huyatia maji moto, pampu huyasukuma katika mabomba yaliyopitishwa chini ya sakafu, nayo huzunguka ndani ya rejeta za ukutani na kurudi kwenye boila yakiwa yamepoa kiasi. Mzunguko huo unatakiwa uwe na maji matupu. Hewa ikiwamo hupanda juu, ikajikusanya kwenye vichwa vya rejeta au kwenye kona za mabomba, na pale ilipokaa maji ya moto hayafiki. Wenye nyumba huishia na chumba cha baridi, kelele za kububujika usiku, na bili ya gesi isiyopungua ingawa nusu ya rejeta hazitoi joto.

Kwa mtu aliyehamia Leicester, Birmingham au London akitokea Mombasa au Dar es Salaam, ambako hakuna nyumba inayohitaji boila ya namna hii, tatizo hujitokeza zaidi mwezi wa Oktoba, mfumo unapowashwa tena baada ya kulala majira yote ya joto. Jirani atamwambia kwamba dawa ni ufunguo mdogo wa kufungulia skrubu ya rejeta, na jirani hajakosea, ila ushauri wake ni nusu tu ya kazi. Kutoa hewa huchukua dakika chache. Kujua hewa hiyo iliingia kwa njia gani ndiko kunakoamua kama utarudia kazi ileile kila mwezi hadi rejeta zitoboke kwa kutu. Kwa sababu hiyo sehemu ndefu zaidi ya mwongozo huu inahusu chanzo.

Tahadhari moja kabla ya kuanza: maelezo haya ni ya mifumo ya maji. Baadhi ya majengo ya zamani ya New York na miji mingine ya Marekani hupashwa joto kwa mvuke, na rejeta zake zina vali zake maalumu ambazo hazifunguliwi kwa njia itakayoelezwa hapa.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni hewa

Washa mfumo, ngoja nusu saa, kisha pita chumba hadi chumba ukigusa kila rejeta kwa uangalifu juu, katikati na chini. Rejeta yenye hewa huwa ya moto chini na ya baridi juu, na mpaka kati ya joto na baridi huwa karibu umenyooka, kwa kuwa ndipo uso wa maji ulipoishia. Rejeta iliyo ya moto juu na pembeni lakini ya baridi chini katikati haina hewa. Ina tope, yaani kutu nyeusi iliyotuama chini na kuziba njia ya maji, na hata ukifungua skrubu ya juu mara ishirini hutaona mabadiliko. Tope huondolewa kwa kuing'oa rejeta na kuiosha, au kwa kusafisha mfumo mzima.

Rejeta iliyo baridi kuanzia juu hadi chini huwa na sababu nyingine, na inayopatikana zaidi ni koki yenye kidhibiti joto iliyokwama. Fungua kichwa chake cha plastiki kwa mkono na utaona pini nyembamba iliyosimama. Pini hiyo inatakiwa ishuke milimita chache ukiikandamiza na ipande yenyewe ukiiachia. Ikiwa imeganda chini, igonge taratibu kwa ubapa wa spana mpaka ilegee. Usiivute kwa koleo, kwa sababu inaweza kuchomoka na maji yakaifuata.

Angalia pia mpangilio wa nyumba nzima. Rejeta za ghorofani zikiwa baridi zote huku za chini zikiwaka vizuri, mara nyingi maji yamepungua na hayafiki juu. Za ghorofani zikiwa za moto na za chini zikawa baridi, ishuku pampu, maana maji ya moto yanaweza kupanda yenyewe lakini hayazunguki kwenda chini bila kusukumwa. Kuhusu kelele, kububujika na kutiririka ni dalili za hewa. Mngurumo kama wa birika linalokaribia kuchemka, unaotoka ndani ya boila yenyewe, kwa kawaida ni ukoko wa chokaa, jambo la kawaida London na kusini mashariki mwa Uingereza ambako maji ya bomba yana chokaa nyingi.

Tambua aina ya mfumo wako

Hatua hii hurukwa na wengi, kisha wanashangaa kwa nini nyumba nzima imepoa baada ya wao kutoa hewa. Kuna mifumo ya aina mbili. Wa kwanza ni mfumo uliofungwa, unaopatikana katika nyumba nyingi zenye boila ndogo ya ukutani inayotoa pia maji ya moto ya kuogea. Utautambua kwa geji ya presha, ama ya mshale ama ya tarakimu, iliyo kwenye boila au karibu yake. Mfumo ukiwa umepoa, geji isome kati ya bar 1 na 1.5, ukiwa wa moto hupanda na kukaribia 2, kwa kuwa maji hutanuka. Vali ya usalama hufunguka presha ikifika bar 3 na kumwaga maji nje ya nyumba kupitia kibomba kinachotokeza ukutani.

Mfumo wa pili uko wazi. Hauna geji. Badala yake kuna tangi dogo la maji darini, lenye boya, ambalo kazi yake ni kuujazia mfumo maji yanapopungua na kuyapokea yanapotanuka. Mara nyingi darini huwa na matangi mawili: kubwa ni la maji ya kuogea, na dogo ndilo la mfumo wa joto. Juu ya hilo dogo utaona bomba lililopindwa kama ndoano likielekeza mdomo wake ndani ya tangi. Likumbuke bomba hilo, kwa sababu tutalirudia.

Katika mfumo uliofungwa, hewa utakayotoa itapunguza presha, na ni juu yako kurudisha maji. Katika mfumo ulio wazi, tangi la darini hurudisha maji lenyewe, mradi boya lake halijakwama.

Kutoa hewa kwenye rejeta

Tafuta ufunguo wa rejeta, ambao huuzwa kwa bei ndogo katika maduka ya vifaa vya ujenzi; kwa rejeta nyingi za kisasa bisibisi bapa pia hufaa. Andaa taulo kuukuu, bakuli na karatasi za kufutia. Maji ya ndani ya rejeta mara nyingi ni meusi, na yakirukia zulia lisilo lako doa lake ni gumu kutoka.

Zima mfumo na uuache upoe. Kuna sababu mbili za kufanya hivyo, na kuungua ni moja tu kati yake. Ya pili ni pampu: ikiwa inazunguka, huichanganya hewa na maji na kuitawanya vipovu vipovu, na katika mifumo iliyo wazi inaweza hata kuvuta hewa kutoka nje kupitia skrubu uliyoifungua, ukawa unaongeza kile unachokusudia kupunguza. Hakikisha pia kwamba koki za rejeta zote zimefunguliwa, kisha soma geji na uandike namba. Namba hiyo utaihitaji baadaye.

Anza na rejeta za chini, umalizie na ile iliyo juu kuliko zote, ambayo mara nyingi ni ile ya bafuni ya kuanikia taulo. Skrubu ya kutolea hewa iko juu pembeni mwa rejeta, na katikati yake kuna kipande cha mraba kinachoingia ndani ya ufunguo. Zungushia taulo chini yake, shikilia bakuli, kisha geuza ufunguo kinyume cha mwendo wa saa, robo mzunguko hadi nusu, usizidishe. Ukiichomoa skrubu nzima, maji yatatoka kwa nguvu na kuirudisha mahali pake ni kazi ngumu. Utasikia hewa ikifyonya kwa sauti nyembamba. Iache itoke mpaka yaanze kurukaruka matone, na hatimaye maji yatoke mfululizo bila kukatika. Hapo funga kwa kiasi. Skrubu hizi ni za shaba nyororo na hesi zake huharibika haraka zikikazwa kwa hasira.

Yako mambo mawili yanayoweza kukushangaza. La kwanza ni kufungua skrubu na kisitoke chochote, si hewa wala maji. Usiendelee kufungua. Ama tundu limezibwa na rangi ya ukutani, ama mfumo hauna presha. Rudi ukaangalie geji. La pili ni kusikia hewa ikivutwa kwenda ndani badala ya kutoka. Funga mara moja na uongeze maji kwanza, kwa kuwa presha ya ndani imeshuka chini ya ile ya hewa ya nje.

Usivute sigara wala usiwashe kiberiti karibu na skrubu iliyofunguliwa. Sababu yake itaonekana mbele, lakini kwa ufupi ni kwamba kinachotoka si hewa ya kawaida kila wakati.

Katika mfumo uliofungwa, tazama geji kila baada ya rejeta mbili au tatu. Ikikaribia bar 0.5, simama na uongeze maji kabla ya kuendelea, kwani boila nyingi hukataa kuwaka presha ikiwa chini sana.

Kurudisha maji

Chini ya boila ya mfumo uliofungwa tafuta mpira mfupi uliofumwa kwa nyuzi za chuma, unaounganisha bomba la maji ya kawaida na bomba la mfumo wa joto, wenye koki ndogo kila upande. Katika boila nyingine kazi hiyo hufanywa na kishikio au ufunguo wa plastiki uliojengewa ndani. Boila ikiwa imezimwa na imepoa, fungua koki ya kwanza yote, kisha ile ya pili kidogo kidogo huku macho yako yakiwa kwenye geji. Ikifika karibu bar 1.2, funga koki zote mbili na uangalie kwa dakika kadhaa kama mshale unatulia. Kanuni za maji za Uingereza zinataka mpira huo utolewe baada ya kazi, ili maji machafu ya mfumo yasiweze kurudi kwenye maji ya kunywa. Wengi huuacha palepale, na koki moja ikivuja presha hupanda polepole usiku na mchana mpaka vali ya usalama inafunguka. Vali hiyo ikishafunguka mara moja, mara nyingi uchafu hukaa kwenye kiti chake na haizibi tena sawasawa.

Nyumba ya ghorofa nyingi inahitaji presha kubwa kidogo. Kila mita 10 za kimo cha maji huhitaji karibu bar 1, kwa hiyo boila ikiwa jikoni chini na rejeta ya juu kabisa ikiwa mita 7 juu yake, bar 0.7 zinatumika kuyafikisha maji hapo tu. Ukiiacha geji kwenye 0.6, sehemu ya juu ya mfumo itakuwa na mvuto wa ndani, na hewa itaingia kupitia pakingi za koki na vali za hewa. Watu wengi hutoa hewa mara kwa mara kwenye chumba cha darini bila kujua kwamba wao wenyewe wameiruhusu kwa kuogopa kuongeza presha.

Katika mfumo ulio wazi, panda darini ukatazame tangi dogo. Mfumo ukiwa umepoa, maji yawe machache, yanayotosha tu kuliinua boya, kwa sababu nafasi iliyobaki ni ya maji yanayotanuka: kutoka baridi hadi nyuzi 80 hivi za Selsiasi maji huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 3. Tangi likiwa kavu, boya limekwama juu. Lisukume kwa mkono, na maji yakianza kuingia utakuwa umepata chanzo cha baridi yote ya ghorofani.

Baada ya hapo washa mfumo, uache upate moto kamili, uzime, upoe, kisha urudie zoezi zima mara moja. Maji mapya ya bomba huja na hewa iliyoyeyuka ndani yake, ileile inayojitokeza kama vipovu vidogo kwenye ukuta wa sufuria kabla maji hayajatokota. Siku chache baada ya kuongeza maji, hewa kidogo kujikusanya juu ya rejeta ni jambo la kawaida na si dalili ya kasoro.

Hewa iliyokwama ndani ya bomba

Wakati mwingine rejeta imejaa maji, skrubu inatoa maji safi mfululizo, na bado ni baridi. Ikiwa pini ya koki ni nzima, huenda donge la hewa limekaa kwenye bomba linaloelekea huko, hasa nyumba yako ikiwa na yale mabomba membamba ya milimita 8 au 10. Hesabu na uandike mizunguko ya koki ya pili ya kila rejeta, ile yenye kofia isiyogeuka kwa mkono, kisha funga rejeta zote isipokuwa moja hiyo. Teremsha joto la boila na uwashe. Nguvu yote ya pampu ikielekezwa njia moja, donge mara nyingi husukumwa mpaka kwenye rejeta, ambako utalitoa kwa ufunguo baada ya kuzima. Kisha rudisha kila koki kwa idadi uliyoandika. Usipofanya hivyo utakuwa umeharibu mgawanyo wa maji kati ya vyumba.

Ikishindikana na mfumo wako ni uliofungwa, zima boila, unganisha mpira wa bustani kwenye koki ya kumwagia maji iliyo upande wa rejeta hiyo na uutoe nje, kisha uongeze maji kwa mpira wa kujazia huku yakitoka kwa koki ya kumwagia. Mkondo huo huisomba hewa. Mtu mmoja akae kwenye geji na presha isizidi bar 2, kwa hiyo ni kazi ya watu wawili.

Kagua pia vali za hewa zinazojiendesha, vichupa vidogo vya shaba vinavyofungwa sehemu za juu za mabomba. Kifuniko chake kidogo kinatakiwa kiwe kimelegezwa, na mara nyingi mtu aliyeona tone la maji amekikaza, vali ikawa pambo. Pampu za zamani zina skrubu kubwa katikati ambayo, pampu ikiwa imezimwa na imepoa, hulegezwa kidogo mpaka maji yachomoze; za kisasa hujitolea hewa zenyewe, na baadhi ya boila zina mpango maalumu wa kutoa hewa unaoelezwa katika kijitabu chake.

Ikiwa hewa inarudi

Kutoa hewa mara moja au mbili kwa mwaka ni matunzo. Kuitoa kila baada ya wiki chache ni ugonjwa, na hapo ndipo ile namba ya geji uliyoiandika inapopata maana. Jiulize: je, kabla sijafungua skrubu yoyote, presha ilikuwa imeshuka?

Ikiwa imeshuka, maji yanatoka mahali fulani. Zungushia karatasi kavu kila koki na kila kiungo, na utafute madoa ya kijani au meupe kwenye shaba, kwa sababu tone linalotoka kwenye bomba la moto hukauka kabla hujaliona na kuacha madoa hayo tu. Funga kwa ulegevu mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa kile kibomba cha nje, uangalie kesho yake kama umepata maji. Usipopata kitu, zima boila ikiwa imepoa na ufunge usiku kucha vali mbili zinazoitenga na mabomba ya rejeta. Geji ikiendelea kushuka, uvujaji uko ndani ya boila, ambako maji yanaweza kuwa yanatoka pamoja na yale ya mtonesho, yaani maji yanayotokana na mvuke wa moshi wa gesi unapopoa ndani ya boila, bila kulowesha sakafu. Ikitulia, uvujaji uko kwenye mabomba, pengine chini ya sakafu.

Ikiwa geji hupanda karibu na 3 mfumo ukiwa wa moto na kuanguka karibu na sifuri ukipoa, tatizo liko kwenye chombo cha mtanuko, tangi la chuma lenye kiwambo cha mpira na hewa upande mmoja. Hewa ile ikiisha, maji yanayotanuka hayana pa kwenda isipokuwa nje kwa vali ya usalama, nawe kesho yake unaongeza mengine. Chombo hicho kikiwa nje ya boila, bonyeza pini ya vali yake, inayofanana na ya tairi: ikitoa maji, kiwambo kimepasuka na chombo ni cha kubadilishwa. Mara nyingi zaidi kimefichwa ndani ya boila, nacho ni cha fundi.

Hali inayowadanganya wengi ni ile ambayo presha haijashuka hata kidogo, lakini rejeta ileile ya ghorofani imejaa tena. Hewa haijaingia, gesi imezaliwa ndani. Chuma cha rejeta kikikaa ndani ya maji yasiyo na oksijeni nyingi huliwa polepole na kuwa kutu nyeusi inayovutwa na sumaku, na mabaki ya mmenyuko huo ni haidrojeni, gesi inayowaka. Hii ndiyo sababu ya kukatazwa kiberiti. Rangi ya maji husaidia kupambanua: maji meusi yanaonyesha kutu ya namna hii, na maji ya rangi ya chungwa au kahawia nyekundu yanaonyesha kwamba oksijeni mpya inaingia kutoka nje. Kila unapoongeza maji mapya unaongeza oksijeni, oksijeni inaongeza kutu, na kutu inaziba mabomba. Ndiyo maana kuongeza maji kila wiki bila kutafuta uvujaji ni gharama kubwa kuliko inavyoonekana, hata kama maji yenyewe ni lita moja tu.

Katika mfumo ulio wazi, panda darini pampu ikiwa inafanya kazi na utazame lile bomba la ndoano. Halitakiwi kumwaga maji. Likimwaga, maji yanapita hewani na kurudi kwenye mzunguko yakiwa yamebeba oksijeni, na mfumo utaoza ndani ya miaka michache. Chanzo huwa mara nyingi ni tope lililoziba pale bomba la tangi linapoungana na bomba la mfumo. Kuna kipimo rahisi: weka sumaku kwenye bomba la shaba sehemu hiyo. Shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo ikinata, kilichoivuta ni kutu iliyojaa ndani. Kipande hicho hukatwa na kubadilishwa. Kukisafisha kwa dawa pekee si tegemeo.

Ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo, fikiria upande wa kuvuta wa pampu. Katika mfumo ulio wazi presha ya sehemu hiyo inaweza kuwa ndogo kuliko ya hewa ya nje, na pakingi iliyochakaa hapo haitoi tone la maji bali huingiza hewa. Dalili yake ni kububujika kunakosikika pampu ikiwaka na kunakokoma ikizimwa.

Dawa ya kuzuia kutu

Mfumo wenye rejeta za chuma unahitaji dawa ya kuzuia kutu, na kila unapomwaga maji umemwaga pia dawa. Kujua kama ingalimo, chukua maji ya rejeta katika chupa ya kioo, na maji ya bomba katika nyingine, utumbukize msumari mpya wa chuma katika kila moja na ufunge. Baada ya siku kadhaa msumari wa maji ya bomba utakuwa na kutu. Ule wa maji ya rejeta ukiwa bado unang'aa, dawa inatosha. Ukifanana na mwenzake, haimo.

Kiasi cha kutia kimeandikwa kwenye chupa kwa idadi ya rejeta, na usome pia kama dawa hiyo inafaa boila yenye alumini. Katika mfumo ulio wazi humiminwa kwenye tangi dogo baada ya kupunguza maji. Katika mfumo uliofungwa, punguza presha hadi sifuri, funga koki zote mbili za rejeta moja, hasa ile ya bafuni, toa kiasi cha maji yake, fungua kizibo cha juu na umimine dawa, kisha rudisha kizibo, fungua koki na uongeze maji. Mfumo uliojaa tope ni bora usafishwe kwanza.

Mahali pa kuishia

Kufungua mfuniko wa boila ya gesi si kazi ya mwenye nyumba wala ya rafiki mwenye spana. Nchini Uingereza kazi ya gesi hufanywa kisheria na mafundi waliosajiliwa na Gas Safe Register, daftari rasmi la mafundi wa gesi lililochukua nafasi ya lile la awali, CORGI, tarehe 1 Aprili 2009. Ukinusa gesi, usiguse swichi yoyote. Fungua madirisha, toka nje, na upige 0800 111 999.

Kama umepanga nyumba England, kifungu cha 11 cha sheria ya Landlord and Tenant Act ya mwaka 1985 kinamtaka mwenye nyumba adumishe vifaa vya kupasha vyumba na maji katika hali nzuri ya kufanya kazi, na ni wajibu wake pia boila ya gesi ikaguliwe kila baada ya miezi 12 na wewe upewe nakala ya cheti. Kutoa hewa kwa ufunguo ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe. Kukata mabomba, kubadilisha chombo cha mtanuko na kusafisha mfumo ni gharama yake. Mwandikie, usimpigie simu tu, na badala ya kulalamika kwamba nyumba ni baridi mweleze ni rejeta zipi, zimepoa juu au chini, geji ilisoma ngapi asubuhi na jioni, maji yaliyotoka yalikuwa ya rangi gani, na umeongeza maji tarehe zipi. Fundi atakayepokea maelezo hayo anaweza kuja na kifaa kinachohitajika siku ya kwanza. Akifika, mwombe kitambulisho chake na ukigeuze, kwa kuwa orodha ya kazi anazoruhusiwa kufanya imeandikwa upande wa nyuma.